Kusaka Karata Adimu Kisumu, Nakuru na Magharibi: Mwongozo Kamili

Pakiti ya karata hutengenezwa ili ichakae. Hushikwa kwa mikono yenye jasho, hupigwa mezani, humwagikiwa chai, na siku kadi moja ikipotea, zilizobaki hupewa watoto au huwashiwa jiko. Pakiti iliyovuka miaka 80 au 100 kadi zake zote 52 zikiwa pamoja imeponea chupuchupu mara nyingi, na uadimu wake unatokana na hilo kuliko umri wenyewe.

Metropolitan Museum of Art ya New York ina pakiti ya karata 52 zenye umbo la yai, zilizochorwa kwa mkono huko Flanders kati ya 1475 na 1480 hivi. Ndiyo pakiti kamili pekee ya karata za kawaida inayojulikana kubaki kutoka karne ya 15. Muuza vitu vya kale wa Amsterdam aliinunua mwaka 1978 kwa dola 2,800, akakaa nayo miaka 5 akiichunguza, kisha mwaka 1983 jumba hilo likaichukua kwa dola 143,000. Karatasi ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni kujua imetengenezwa wapi na lini. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: anayejua kusoma karata atatoka soko la Kibuye, Kisumu, na kitu ambacho watu wengi wamekipita bila kukitazama, na asiyejua atauziwa nakala ya juzi kwa bei ya mali ya babu.

Amua unasaka nini

Usikusanye kila karata unayoiona. Utajaza kabati na bado hutajua ulicho nacho. Chagua kiwanda kimoja, kipindi kimoja, au aina moja, kwa mfano karata za matangazo zilizogawiwa na mashirika ya ndege, meli na hoteli. Wapo wanaokusanya ree (kadi zenye herufi A) za shupaza peke yake, na wapo wa jokeri peke yake. Kwa mtu mwenye mfuko mwembamba hiyo ni njia nzuri sana, maana kadi moja iliyosalimika kwenye pakiti iliyoharibika kwake ni mali.

Kwa mkaaji wa Kisumu, Kakamega au Nakuru, ushauri wangu ni aanze na karata za Kiingereza zilizofika Afrika Mashariki kabla ya Uhuru. Ziko karibu nasi, na historia yake inatuhusu. Chukua De La Rue. Mwanzilishi wake, Thomas de la Rue wa kisiwa cha Guernsey, alipata hataza ya kuchapa karata kwa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1830. Kampuni hiyo iliingia kwenye pesa za karatasi mwaka 1860, ilipochapa noti za Mauritius, na kwa miaka mingi ndiyo iliyochapa noti za Kenya kwenye kiwanda chake cha Ruaraka, Nairobi. Biashara ya karata iliiuzia kampuni ya Waddington mwaka 1969. Kwa hiyo pakiti ya De La Rue iliyosahaulika kwenye droo huko Milimani ni ya ukoo mmoja na noti uliyolipia matatu kwa miaka mingi, na mimi hilo hunifurahisha kila ninapoliona jina hilo kwenye kadi.

Jifunze kusoma ree ya shupaza

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae kidogo. Karata zina aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Ree ni ile kadi yenye herufi A, na ree ya shupaza ndiyo kitambulisho cha pakiti nzima. Ukipewa pakiti, itafute kwanza kabla hujatazama kitu kingine.

Imekuwa hivyo kwa sababu ya ushuru. Serikali ya Uingereza ilitoza karata kodi, na kuanzia 1765 ree ya shupaza ilichapishwa na ofisi ya serikali yenyewe ili iwe ushahidi kwamba kodi imelipwa. Kuighushi lilikuwa kosa la kunyongwa, na Richard Harding alinyongwa kwa kosa hilo mwaka 1805. Mwaka 1828 ikatolewa ree yenye mapambo mengi mno, imeandikwa kodi ya shilingi moja kwa Kiingereza, ambayo wakusanyaji wanaiita Old Frizzle. Mwaka 1862 kodi ikashushwa hadi peni tatu na kila kiwanda kikaruhusiwa kubuni ree yake. Kodi yenyewe ilifutwa Agosti 1960.

Kwa vitendo ni hivi. Ree yenye maneno ya shilingi moja na mapambo mazito inadai kuwa ya kati ya 1828 na 1862. Ree yenye maneno "Duty Three Pence" haiwezi kuwa ya kabla ya 1862. Ree yenye jina la kiwanda na nembo yake bila neno lolote la kodi ni ya baadaye, na hizo ndizo utakazozikuta zaidi huku kwetu: Goodall, De La Rue, Waddington. Goodall ya London ilimezwa na De La Rue mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo jina la Goodall likiwa peke yake ni dalili njema.

Karata za Marekani zina njia yake. Chapa ya Bicycle ilianza mwaka 1885, na kampuni inayoitengeneza, United States Playing Card Company, iliweka kwenye ree ya shupaza herufi moja yenye tarakimu nne. Herufi hiyo inaonyesha mwaka, lakini herufi zilirudiwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo herufi moja inaweza kuangukia miaka miwili au mitatu iliyoachana sana. Ndipo unapogeukia kasha. Marekani nayo ilitoza karata kodi kwa stempu iliyobandikwa juu ya kasha, mara ya mwisho kuanzia 1894 hadi Juni 1965. Mabaki ya stempu hiyo yakiwepo, pakiti ni ya kabla ya katikati ya 1965. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano haiwezi kuwa ya kabla ya Julai 1963, kwa sababu misimbo hiyo ilianza mwezi huo. Kampuni hiyo ilihama kutoka Cincinnati kwenda Erlanger, Kentucky, mwaka 2009, na jina la mji limechapishwa kwenye kasha. Na ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, ilisomwa kwa mara ya kwanza kwenye supamaketi ya Ohio tarehe 26 Juni 1974. Mtu akikuletea kasha lenye mistari hiyo akisema ni la babu yake aliyekufa 1950, mshukuru na umrudishie.

Baada ya ree, tazama umbo. Karata za Kiingereza za zamani zaidi zina pembe kali, mgongo mweupe mtupu, hazina namba pembeni, na mfalme amesimama mzima na miguu yake. Wafalme wenye sura mbili, moja juu na nyingine chini, walienea katikati ya karne ya 19. Pembe za mviringo na namba za pembeni zikafuata katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Jokeri ni mtoto wa Marekani wa miaka ya 1860. Pakiti inayodaiwa kuwa ya 1840 halafu ina jokeri wake halali inajikana yenyewe.

Vifaa vya kubeba mfukoni

Tafuta kioo cha kukuza cha fundi saa, kile kinachokuza mara 10. Ukiiweka kadi ya kisasa chini yake utaona vitone vidogo vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyopangwa kama duara duara. Hiyo ni uchapaji wa siku hizi. Kadi ya zamani huonyesha rangi iliyojaa bila vitone, mara nyingine wino umekusanyika kidogo ukingoni mwa mstari. Zile za zamani kabisa, zilizopakwa rangi kwa kiolezo kilichokatwa, rangi huvuka mstari mweusi au haiufikii.

Kifaa cha pili unacho jirani. Ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka wanatumia kukagua noti bandia hufaa sana. Karatasi ya viwandani ilianza kutiwa kemikali za kuing'arisha karibu 1950, na kemikali hizo hung'aa buluu nyeupe chini ya taa hiyo. Karata inayodaiwa kuwa ya 1910 ikiwaka hivyo, usiilipie. Ikibaki na rangi ya maziwa yaliyofifia, hiyo haithibitishi lolote ila haijaanguka mtihani. Muombe mwenye duka au ajenti wa M-Pesa akuazime taa yake dakika mbili, au ununue ndogo ya betri.

Ongeza rula ya milimita, daftari, penseli (kalamu ya wino isikaribie karata kamwe) na simu ya kupigia picha. Inatosha.

Pa kusaka

Mtandaoni utapata karata nyingi, lakini zile ambazo hakuna aliyewahi kuziorodhesha ziko majumbani, na majumba hayo yanafuata historia ya eneo hili. Fuata historia hiyo, hatua kwa hatua.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Ilileta mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka India, na familia nyingi bado zina maduka mjini. Katika nyumba nyingi za Kihindu, kucheza karata usiku wa Diwali ni desturi, hasa teen patti, mchezo wa karata tatu tatu, na ndiyo maana kabati za wazee hao zinaweza kuwa na pakiti zilizofunguliwa sikukuu moja kisha zikawekwa. Ukikutana na kijisanduku cha mbao chenye karata za duara zilizochorwa kwa mkono, simama hapo hapo: hiyo ni ganjifa. Pakiti ya mtindo wa Mughal ina karata 96, na ile ya Dashavatara, inayofuata maumbo kumi ya mungu Vishnu, ina 120. Mji wa Sawantwadi nchini India bado unazitengeneza, kwa hiyo za duara zote si za kale. Angalia rangi ilivyochubuka na kama mgongo umepasuka tabaka.

Wastaafu wa reli na meli za ziwa ni hazina nyingine. Safari ya kuzunguka ziwa kwenda Bukoba, Mwanza na Port Bell ilichukua siku na usiku, na wakati wa kuua ulikuwa mwingi. Tafuta mikutano ya wastaafu, ulizia mitaa ya zamani ya reli, na uwaulize mafundi wa bandarini ni nani aliyekuwa stiwadi.

Kakamega wengi wanaipita. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iliwavuta wazungu wengi huko, na mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachimbaji walipoondoka waliacha vyombo, vitabu na masanduku kwa waliowafanyia kazi. Nenda mitaa ya karibu na mgodi wa zamani, kaa na wazee, usikimbie. Maskani nyingine za Magharibi zilitoa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopigana Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944, na askari hurudi na vitu vidogo vinavyoingia mfukoni.

Upande wa Nakuru kuna mashamba ya walowezi wa zamani Njoro, Molo na Rongai, na upande wa Kericho na Nandi Hills kuna mashamba ya chai yenye klabu zake. Klabu hizo zilikuwa na meza za mchezo wa karata wa bridge. Usiende getini kuomba kuingia. Andika barua kwa katibu, ueleze unatafuta nini, na uulize kama kuna pakiti za zamani zisizotumika ambazo klabu ingependa kuuza. Barua hujibiwa pale ambapo mlinzi angekurudisha. Fuatilia pia matangazo ya mnada wa vyombo vya nyumbani kwenye magazeti, maana mtu akifariki au akihama, karata huuzwa ndani ya droo ya meza bila kutajwa.

Kibuye uende Jumapili asubuhi mapema. Usitafute karata, tafuta wanaouza vitabu vya zamani, mabati ya biskuti, mikoba ya ngozi na masanduku ya safari. Karata hukaa humo. Mwachie muuzaji namba yako na umwambie kwamba pakiti isiyokamilika pia unainunua. Neno hilo la mwisho ndilo litakalomfanya akupigie, kwa sababu wengi hutupa pakiti pungufu wakidhani haina mteja.

Namna ya kuzungumza na mwenye karata

Kwa watu wengi, hasa wa kanisa, karata maana yake ni kamari, na kamari ilivunja nyumba za watu. Ukibisha hodi ukasema natafuta karata, mama anaweza kukufungia mlango, na ana haki. Anza na salamu kamili, ukae, unywe chai. Kisha, kwa mzee wa Kijaluo, useme wazi: "Jaduong', ninakusanya karata za zamani, za enzi za reli. Sichezi pesa. Nataka zihifadhiwe zisipotee, na jina la familia yako liandikwe pamoja nazo ukikubali." Kwa mzee wa Kihindi dukani utasema Uncle, na umngoje amalize wateja. Ukiwa Nakuru kwa Wakikuyu ni guka na shosho, yaani babu na bibi. Heshima ya jina inafungua nusu ya mlango.

Usiulize "una karata za kuuza?" Uliza walikuwa wakicheza mchezo gani, na nani, wakikaa wapi. Mtu akianza kusimulia, mara nyingi huinuka mwenyewe kwenda kuzileta. Andika anachosema papo hapo, kwa maneno yake.

Bei sasa. Ukijua kwamba kitu kina thamani kubwa, mwambie mwenyewe kabla hamjapatana. Najua wapo wanaoona huo ni ujinga wa biashara. Mimi naona kumnyamazia mzee wa miaka 85 ili umtoe pakiti kwa bei ya soda ni wizi, na zaidi ya hapo mji ni mdogo: mjukuu wake atakuja kujua, na hakuna mlango wa mtaa huo utakaofunguliwa tena. Mtoto au mjukuu awepo mkipatana. Lipa kwa M-Pesa ili kuwe na rekodi, andikeni karatasi mbili za makubaliano, kila upande ubaki na moja. Akikataa kuuza, omba ruhusa ya kupiga picha ree ya shupaza na kasha, na urudi kumsalimia siku nyingine bila kutaja karata.

Kagua mezani kabla ya kulipa

Nawa mikono, ikauke kabisa. Tandika kitambaa safi. Panga karata kwa aina, safu nne, kutoka ree hadi mfalme, halafu hesabu. Usihesabu zikiwa zimerundikana: pakiti ya kadi 52 inaweza kuwa na kopa nane mbili na kukosa uru tano. Geuza zote uangalie migongo. Mgongo mmoja wenye rangi iliyokolea kuliko mingine ni kadi ya pakiti nyingine iliyoingizwa.

Kisha zikusanye, uzigonge mezani zilingane, utazame kingo. Kadi iliyokatwa upya ili kuficha pembe zilizoliwa itakuwa fupi na itaacha mfereji mwembamba ukingoni. Za kawaida za siku hizi ni milimita 63 kwa 88, na zile nyembamba za bridge ni 57 kwa 89. Za zamani hutofautiana kidogo, lakini ndani ya pakiti moja lazima zilingane.

Kuna pakiti moja ya De La Rue niliyoikuta ndani ya bati la majani chai kwa mstaafu wa reli, nayo inafaa kuelezwa. Kadi 51 zilikuwa za kiwandani. Uru saba ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye sanduku la sigara, alama saba zikachorwa kwa biro nyekundu, ya katikati ikiwa imekosewa kidogo na kurudiwa, na mgongo ukasuguliwa wino wa buluu ili ufanane na wenzake. Ilikuwa ndefu kuliko nyingine kwa karibu milimita moja. Mzee alisema kila aliyeketi kwenye ile meza aliijua hata ikiwa imelala kifudifudi, na wakakubaliana kwamba anayeipata aseme. Muuzaji wa London angeiita pakiti pungufu. Mimi naihesabu kuwa bora kuliko nyingi zilizokamilika. Ukikuta kadi ya namna hiyo usiitupe na usiibadilishe na nyingine ya dukani. Iandike wazi: kadi 51 na moja ya mkono.

Kununua kutoka ng'ambo

Itafika siku utataka kitu ambacho huku hakipo. eBay ndiyo yenye soko pana. Akaunti ya PayPal inaunganishwa na M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2018, na PayPal ina utaratibu wa kudai pesa zako kitu kikifika si kile kilichotangazwa. Anayekwambia mmalizane nje ya mfumo huo kwa kutuma pesa moja kwa moja, achana naye.

Omba picha ya ree ya shupaza, kasha pande zote, na karata zote 52 zimetandazwa. Picha ya kasha peke yake haitoshi. Jihadhari na pakiti zilizochapishwa upya. Mfano unaojulikana ni Jerry's Nugget, karata za kasino ya Las Vegas zilizochapwa mwaka 1970. Zilikuwa zikiuzwa kwa bei ndogo kwenye duka la zawadi la kasino hiyo, baadaye wanamazingaombwe wakazipenda, bei ikapanda hadi mamia ya dola kwa pakiti. Mwaka 2019 zikachapishwa upya kihalali. Za 2019 si bandia, lakini hazina bei ya za 1970, na kuna watakaokuachia ukosee.

Forodha: karata za kuchezea ziko chini ya namba 9504.40, na vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 vina fungu lake, 9706. Mwambie muuzaji aandike namba sahihi na bei ya kweli kwenye fomu, aweke risiti ndani na nje. Kenya kwa kawaida huhesabu kodi juu ya bei ya kitu ikijumlishwa na bima na usafiri, na VAT ni asilimia 16 juu ya hapo. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua, kwa sababu nauli ya kifurushi kimoja inaweza kuzidi bei ya pakiti. Wakusanyaji wawili au watatu wa Kisumu na Nakuru wakiagiza kifurushi kimoja, mzigo unakuwa mwepesi kwa kila mmoja.

Ukitaka wenzako wa mbali, International Playing-Card Society ipo tangu 1972 na 52 Plus Joker ya Marekani tangu 1985. Wanachama wao hubadilishana kadi kwa kadi, na karata ya Afrika Mashariki kwao ni nadra, jambo linalokupa nguvu ya kupatana.

Kuhifadhi kwenye unyevu wa ziwa

Kisumu ina joto na unyevu, Kakamega ina mvua nyingi, Nakuru ina vumbi. Karata inaogopa vyote. Inapovuta unyevu hujikunja, na ikilala hivyo huota ukungu. Chumba kizuri ni cha unyevu wa karibu asilimia 50. Kipimo kidogo cha digitali kitakuonyesha. Sanduku lisiguse ukuta wa nje wala sakafu. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya hufyonza unyevu, lakini hujaa, kwa hiyo vibadilishe.

Usilaminishe. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu huku kwetu kila hati ya thamani hupelekwa saiba ikalaminishwa. Joto na gundi ya ile plastiki haviondoki tena, na karata iliyolaminishwa imekwisha kama kitu cha kukusanywa. Usipige pasi karata iliyojikunja. Iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi chini ya vitabu vizito, siku kadhaa. Usifute kwa kitambaa chenye maji, rangi ya zamani inatoka. Raba bendi hukata kingo na kuacha alama ya kahawia, selotepu huacha gundi inayogeuka njano. Mifuko laini inayonuka plastiki ina kemikali inayonata kwenye wino. Tafuta ya polipropilini, isiyonuka.

Wadudu ni adui mkubwa: mende, mchwa, na wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi ya vitabu. Pakiti ikitoka kijijini isiingie kabatini moja kwa moja. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, iweke friza wiki mbili, kisha itoe uiache siku nzima ndani ya mfuko uleule kabla ya kuufungua, ili unyevu utande nje ya mfuko na si juu ya karata.

Daftari, kubadilishana na kutuma

Kila pakiti ipewe namba. Andika jina la kiwanda, maneno yote ya ree ya shupaza, idadi ya kadi, kasoro, ulipoipata, tarehe, bei, na masimulizi ya mwenyewe. Namba iandikwe kwa penseli kwenye bahasha inayoihifadhi, kamwe si juu ya karata wala kasha. Nakala ya daftari ihifadhiwe kwa mtu mwingine wa nyumbani anayejua maana yake.

Ukipata kitu kilichofika Kenya kabla ya 1895, zungumza na watu wa Makumbusho ya Kitaifa kabla ya kukituma nje, maana sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale. Kisumu wana ofisi kwenye makumbusho yao, na Kitale vilevile. Karata za baadaye zitume bila wasiwasi. Tia kadi kwenye mfuko wa polipropilini, kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu vilivyozidi ukubwa wake kwa sentimita mbili kila upande, funga kadibodi kwa utepe usioigusa karata, kisha bahasha yenye pamba ya karatasi. Itume kwa rejista ya Posta, umtumie mpokeaji picha ya risiti siku hiyohiyo, na uandike namba ya kufuatilia kwenye mstari wa pakiti hiyo daftarini.